Usiniite Ndugu, Nipe Mkataba

Kuna hoja moja ambayo nimechoka kuisikia. Husemwa na vijana wenzangu tunaocheza skeitibodi, hurudiwa katika filamu na majarida ya mchezo wenyewe, na hata hapa chuoni nimeikuta midomoni mwa watu ambao hawajawahi kukanyaga ule ubao wenye magurudumu manne. Hoja yenyewe ni hii: skeitibodi ulikuwa mchezo huru wa vijana wa mitaani mpaka kampuni kubwa zilipoingia, zikaugeuza kuwa biashara na kuuondolea roho. Dawa yake, tunaambiwa, ni kuurudisha mchezo kwa wenyewe, yaani kwa kampuni ndogo zinazoendeshwa na wachezaji, ambako watu hawafungwi na mikataba bali wanaishi kama ndugu.

Ninaipinga hoja hii. Sitetei kampuni kubwa. Makosa yao ni mengi na nitayataja. Ninachosema ni kwamba hoja hii inatufanya tuangalie pasipostahili. Inatufanya tuulize nani anaimiliki kampuni, wakati swali linalomhusu mchezaji ni jingine: karatasi imeandikwa na nani, inamlinda nani, na yule anayevunjika mfupa ameisoma au hakuisoma? Weledi wa kibiashara haujauharibu mchezo huu. Kilichouharibu ni weledi wa upande mmoja: mwenye kampuni ana mwanasheria, mhasibu na bima, mchezaji ana undugu.

Nieleze kwanza kwa nini jambo la California linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili wa Kampala. Mchezo huu uko kwetu tangu zamani kidogo. Katikati ya miaka ya 2000 vijana wa Kitintale, hapa Kampala, walikoroga saruji wakajenga uwanja wao wa skeitibodi, mmoja wa viwanja vya kwanza kabisa Afrika Mashariki. Mimi sikukulia Kitintale. Kundi letu lilijifunzia kwenye kipande cha sakafu nyuma ya ghala, kwa mbao zilizochakaa na viatu vya mitumba vya Owino. Kati yetu wamo watoto wa wakimbizi kutoka Kongo, na hao ndio walionifundisha kwamba Kiswahili si somo la mtihani tu.

Siku moja kampuni fulani ya mavazi ilituma watu kuja kutupiga picha za tangazo. Walikuwa wakarimu. Walituletea fulana na soda, wakatuita ndugu zao. Kiongozi wao alisema wazi, "Hapa hakuna bosi, sisi ni familia moja." Kisha akatoa karatasi. Zilikuwa kurasa mbili za Kiingereza cha kisheria. Watoto walio chini ya miaka 18 walihitaji sahihi ya mzazi, na mmoja wao, mvulana wa miaka 14, mama yake anajua Kiswahili cha Kongo tu. Wakaniomba mimi, mwanafunzi wa lugha, nimfasirie.

Nilikuwa na haraka ya kupigwa picha. Nilipitisha macho juu juu nikamwambia, "Mama, ni karatasi ya kawaida tu, wanaomba ruhusa." Akaweka sahihi. Alasiri ile waliomba mtoto arudie kuruka ngazi zile zile mara nyingi, na katika kuruka mojawapo alianguka akavunjika kifundo cha mkono. Watu wa familia yetu mpya walisikitika sana, wakampa nauli ya boda boda kwenda hospitali, na hatukuwaona tena. Siku tatu baadaye mama alinifuata. "Mwanangu, ile karatasi ilisemaka nini?" Ndipo nilipoketi nikaifasiri yote, neno kwa neno. Ilisema picha ni mali ya kampuni milele, duniani kote, kwa njia yoyote iliyopo na itakayovumbuliwa. Ilisema hatari yote ni ya mchezaji. Haikutaja malipo hata mahali pamoja.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba shida ya mchezo huu ni mikataba, mimi namuuliza: mikataba ya nani? Siku ile mkataba ulikuwapo, tena uliandikwa kwa weledi mkubwa. Undugu nao ulikuwapo. Undugu ndio uliotumika ili mkataba usisomwe.

Sasa tuitazame historia, maana hoja ya enzi ya dhahabu inaishi kwa kutegemea kwamba hatuijui. Mchezo wa skeitibodi haukuwahi kuwa nje ya biashara. Mwaka 1963 kampuni ya Makaha, iliyotengeneza mbao, ilidhamini shindano huko Hermosa Beach, California, linalotajwa kuwa miongoni mwa mashindano ya kwanza. Miaka michache baadaye soko lilianguka na mchezo ukaanguka nalo. Uliamshwa tena mwanzoni mwa miaka ya 1970 na bidhaa, yaani magurudumu ya poliurethani ya Frank Nasworthy, ambayo hayakuteleza kama yale ya udongo. Viwanja vya kulipia vikachipuka kote Marekani. Mwishoni mwa muongo huo gharama za bima zilipanda, wenye viwanja wakashindwa, vingi vikafungwa. Angalieni kejeli hiyo: bima iliweza kuufunga mchezo kwa sababu iliwahusu wenye viwanja, lakini kumlinda anayeanguka haikuwa desturi.

Hata kampuni inayopendwa na wengi kama kampuni ya nyumbani, Vans, ilianza mwaka 1966 kama kiwanda na duka la viatu huko Anaheim. Ilifilisika mwaka 1984, ikainuka, na mwaka 2004 ikanunuliwa na VF Corporation kwa karibu dola milioni 400. Hakuna siku ambayo Vans haikuwa biashara. Ilikuwa ndogo, halafu ikawa kubwa.

Na waasi je? Mwasi mkuu wa simulizi hili ni Steve Rocco, aliyeanzisha World Industries mwaka 1987. Wakati huo soko lilishikwa na kampuni chache kama Powell Peralta, iliyokuwa na kikosi mashuhuri cha vijana akiwemo Tony Hawk. Rocco alizidhihaki kampuni hizo katika matangazo yake, akawavuta wachezaji wake nyota, akajitangaza kuwa mchezaji anayefanya biashara kwa ajili ya wachezaji. Mwaka 1993 baadhi ya nyota waliokuwa chini ya mwavuli huo, akina Rick Howard na Mike Carroll, waliondoka wakaanzisha Girl. Wachezaji hawamkimbii ndugu kwa wingi namna ile kama undugu unawatosha. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 himaya ya Rocco ilikuwa imeingia mikononi mwa wawekezaji, na mwaka 2002 ikaishia kwa Globe ya Australia. Mwasi aliuza. Simlaumu kwa kuuza. Mali ni yake. Ninalosema ni kwamba siku ya kuuza, uasi ulikuwa na hati ya umiliki, na hati hiyo ilikuwa na jina lake, si la waliovunja vifundo wakiutangaza.

Hapa ndipo penye kiini cha malalamiko yangu dhidi ya kampuni ndogo. Kwa miaka mingi mchezaji wa kulipwa amekuwa akipata mrabaha wa dola chache, mara nyingi takriban 2, kwa kila ubao unaouzwa ukiwa na jina lake. Ubao huo huuzwa dukani kwa dola 50 au zaidi. Wengi huhesabiwa kuwa vibarua huru, si waajiriwa, kwa hiyo kampuni hailazimiki kuwapa bima ya afya wala akiba ya uzeeni. Huu ni mchezo ambao kazi yake ni kuangukia saruji mpaka kamera ipate picha moja nzuri. Mchezaji akivunjika mguu marafiki huchangishana fedha za matibabu, na watu husifu mchango huo kuwa ushahidi wa undugu. Mimi nauona kuwa ushahidi wa kukosekana kwa bima. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwili wa mchezaji nao ni mali, na ndio mali pekee aliyo nayo.

Sasa niwageukie wakubwa, wasije wakadhani nimewasahau. Nike ilijaribu kuingia katika mchezo huu miaka ya 1990 ikashindwa. Ilitoa matangazo mazuri yaliyouliza ingekuwaje kama wanamichezo wengine wangefukuzwa na polisi kama wacheza skeitibodi wanavyofukuzwa. Watu walicheka, viatu havikununuliwa. Kampuni ndogo ya Consolidated ikaanzisha kampeni ya kuwataka wachezaji wasikubali kununuliwa, na kaulimbiu yake ilikuwa kuigeuza ya Nike kuwa katazo. Mwaka 2002 Nike ilirudi na Nike SB, safari hii kwa utulivu, ikiuza kupitia maduka madogo ya skeitibodi na kuwasajili wachezaji wanaoheshimika. Ikafaulu. Adidas na New Balance zilifuata njia hiyo hiyo, na kampuni kadhaa za viatu zilizokuwa za wachezaji zikadhoofika au zikafungwa.

Waliopinga walikuwa na jambo la haki. Kampuni kubwa ikiamka asubuhi na kuona faida imepungua, huondoka, na haimwachi nyuma yake mtu wa kufungua duka. Lakini kaulimbiu ya katazo haikumpa mchezaji chochote. Ilimwambia akatae hundi kubwa kwa heshima ya undugu, bila kumwonyesha hundi mbadala. Kijana mwenye mtoto wa kulisha aliyesaini na Nike aliitwa msaliti na watu waliokuwa wanamlipa dola 2 kwa ubao. Mimi siwezi kumwita hivyo.

Mfano wa Supreme unaeleza upande wa pili. Duka hili lilifunguliwa New York mwaka 1994, na sifa yake ilijengwa na vijana wa skeitibodi waliokaa mlangoni pake. Mwaka 2017 kampuni ya uwekezaji ya Carlyle ilinunua takriban nusu yake kwa kiasi cha dola milioni 500. Mwaka 2020 VF, wale wale wenye Vans, waliinunua kwa zaidi ya dola bilioni 2. Mwaka 2024 waliiuza kwa dola bilioni 1.5 kwa EssilorLuxottica, ambayo kazi yake kubwa ni miwani. Jina lililozaliwa barazani limezungushwa kama mbuzi mnadani, mabilioni yamepita, na katika mauzo yote hayo vijana wa mlangoni hawakuwa upande wa muuzaji wala wa mnunuzi. Hawakuwa na hisa. Hata lingebaki jina dogo milele, bado wasingekuwa na hisa. Ndiyo maana nasema udogo na ukubwa si hoja.

Yuko aliyeelewa hesabu hii mapema. Activision ilipokuwa inaandaa mchezo wa kompyuta wenye jina la Tony Hawk, uliotoka mwaka 1999, walimpa chaguo: achukue nusu milioni ya dola mara moja, waachane, au abaki na mrabaha wa mauzo. Akachagua mrabaha. Mchezo ule ukauzwa kwa mamilioni na kumpa utajiri ambao mbao hazikuwahi kumpa. Watu husimulia habari hii kama bahati. Mimi naisoma kama somo la mkataba: mtu aliyeambiwa masharti yote mawili, akayaelewa, akawa na uwezo wa kukataa. Yule mama wa Kongo hakupewa hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Mfano wa pili ni wa wanawake, na ndio unaonipa matumaini. Katika X Games, mashindano yaliyoanzishwa na ESPN mwaka 1995, zawadi za wanawake zilikuwa sehemu ndogo tu ya zile za wanaume. Mwaka 2005 akina Cara-Beth Burnside na Mimi Knoop walijiunga na wenzao wakaunda chombo cha kuwasemea, wakaketi mezani na waandaaji. Miaka michache baadaye zawadi zikasawazishwa. Hawakudai mchezo urudi mitaani wala hawakuwaita waandaaji ndugu. Walikwenda kama watu wa kazi, na hoja zao zikiwa zimeandikwa.

Najua nitakavyojibiwa. Kuna rafiki yangu, mchezaji hodari kuliko mimi, aliyeniambia, "Ndugu yangu, ukileta mikataba umeleta mipaka, na sisi tulikuja hapa kukimbia mipaka." Namheshimu, na hofu yake ina msingi. Tangu mchezo uingie katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, umewekwa chini ya World Skate, shirikisho lenye mizizi katika michezo ya viatu vya magurudumu. Sasa zipo kanuni, alama na sare za taifa, na wapo wanaoona kwamba ubunifu unabanwa. Lakini katika michezo ile ile, mshindi wa dhahabu wa wanawake katika mtindo wa mtaani, Momiji Nishiya wa Japani, alikuwa na miaka 13, na Rayssa Leal wa Brazil aliyepata fedha naye alikuwa na miaka 13. Uhuru wa mtoto wa miaka 13 anayezungukwa na wadhamini ni upi, kama si kuwa na mtu mzima aliyeisoma karatasi kwa makini? Rafiki yangu anaogopa mipaka. Mimi nimeona mtoto ambaye hakuwekewa hata mpaka mmoja wa kumlinda: hakuna aliyeandika kwamba baada ya kuruka mara kadhaa apumzike.

Wengine watasema kwamba hapa kwetu mchezo bado ni mchanga, tusiwatishe wadhamini. Hoja hiyo ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Mdhamini anayetishwa na swali la bima hakuja kudhamini, alikuja kuokota. Na wakati wa kuweka desturi njema ni huu, kabla mchezo haujawa na fedha nyingi, kwa sababu California inatuonyesha kwamba desturi mbaya ikishaitwa utamaduni, atakayeigusa ataitwa msaliti.

Basi madai yangu ni haya, na ni madogo. Anayempiga picha mchezaji kwa ajili ya biashara aandike atamlipa nini, na picha itatumika wapi na kwa muda gani. Agharamie matibabu ya jeraha lililotokea akiwa kazini kwake. Mkataba wa mtoto usomwe kwa mzazi katika lugha ya mzazi, na mfasiri asiwe mtu anayesubiri zamu yake mbele ya kamera. Madai haya yaelekezwe kwa kampuni kubwa yenye hisa sokoni na kwa rafiki yetu anayechapa fulana chumbani kwake, bila kubagua. Rafiki atakayekasirika ajiulize kwa nini.

Kwenu wenzangu wa idara ya Kiswahili nina neno la ziada. Tunajifunza tafsiri miaka mitatu. Tunabishana darasani kuhusu istilahi, tunaandika tasnifu juu ya ulinganifu wa matini. Wakati huo huo, umbali wa boda boda moja kutoka hapa, watu wanatia sahihi karatasi wasizozielewa, na sisi tunapoombwa msaada tunasema ni kawaida tu. Neno "kawaida" nililolitamka siku ile lilikuwa tafsiri mbovu kuliko zote nilizowahi kufanya, na hakuna mhadhiri aliyelisahihisha, maana halikuandikwa popote.

Mkono wa yule mtoto umepona, ingawa haukunjiki vizuri kama zamani. Bado anacheza. Katika kundi letu sasa kuna kanuni moja: hakuna anayesaini kitu kabla hakijasomwa kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, mbele ya wote. Mwezi uliopita walikuja watu wengine na kamera na maneno matamu ya familia. Mama yule alikuwapo. Aliwakaribisha viti, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia na kuninyoshea karatasi yao.

"Soma," akasema. "Yote."